Kuuliza si kubisha: habari ya afya inahitaji maelezo

Kila mara ugonjwa unapozuka Kivu, lawama ni ile ile: wakaaji ni wabishi, wakimbizi wa vita wanaamini uvumi kuliko waganga. Lawama hiyo haijaokoa mtu.

Beni na Butembo zilitoa fundisho. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na hadi ilipokwisha Juni 2020 iliua zaidi ya watu 2,200, wakiwemo wa Ituri. Mwanzoni, uchunguzi katika miji hiyo miwili ulionyesha kwamba mtu 1 kati ya 4 hakuamini kama Ebola ipo. Walikuwa wajinga? Hapana. Tangu 2014 walikuwa wakizika ndugu waliouawa kwa mapanga, na msaada ulikuwa haba. Ghafla magari yakajaa kwa sababu ya ugonjwa mmoja. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa kwao, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo. Wakauliza, na pale jibu lilipokosekana, uvumi ukajibu.

Ni vivyo hivyo kwa familia zilizohama. Mama anaambiwa atie dawa ndani ya maji. Harufu inamtisha, jirani anamwambia dawa hiyo inaharibu uzazi, anayamwaga. Angeelezwa kwamba harufu ile kidogo ni alama kuwa dawa ingali inafanya kazi, angeyatumia. Mwingine anamnyima mtoto anayehara maji, akifikiri yanaongeza kuhara. Kumbe kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili. Kama hakuna pakiti ya dawa ya kuhara, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mtoto akinyweshwa kidogo kidogo huku akikimbizwa kituo cha afya, vinaweza kumwokoa. Mama akijua sababu, hasukumwi.

Basi wenye kutoa matangazo waache karatasi za Kifaransa tupu. Waseme Kiswahili, Kinande, Kihunde, Kimashi, Kinyarwanda. Wasihubiri kunawa mikono mahali pasipo maji wala sabuni. RECO wa mtaa, anayejulikana kwa jina, apewe muda wa kukaa na watu na kujibu.

Nazo familia ziulize bila haya: dawa hii inafanya nini? Tukiikosa itakuwaje? Mganga mwema hakasiriki akiulizwa.