Mama mkunga wa Ostia



Juma hili tunaacha kidogo mambo ya masomo ya watoto. Wakati wa likizo kubwa, yaya wetu anayeishi Italia alitualika. Siku moja tulipanda naye treni kutoka Roma, kama nusu saa tu, tukashuka Ostia Antica. Zamani palikuwa mji wa bandari ya Waroma, kwenye mdomo wa mto Tiber. Leo ni magofu chini ya jua: barabara ya mawe na kuta za matofali, paa hakuna. Anayekwenda avae viatu vya chini na abebe maji.

Tuliona mawe makubwa meusi ya kusagia ngano, na meza ya mawe walipouzia chakula, sawa na malewa yetu. Karibu na jumba la michezo kuna uwanja wa wafanyabiashara wa baharini. Sakafuni wametengeneza picha kwa vijiwe vidogo: meli, na hata tembo wa watu wa Sabratha, katika Libya ya leo. Ngano nyingi ya Roma ilitoka Misri na Afrika ya kaskazini. Tulicheka na yaya: kumbe mkate wao ulitoka kwetu!

Lakini si mbali na hapo, kwenye makaburi ya Isola Sacra, mwanamke aitwaye Scribonia Attice alijenga kaburi lake, la mume wake na la mama yake. Mbele paliwekwa picha ya udongo wa kuchomwa: mama anazaa akiwa ameketi kwenye kiti, mwingine anamshika kwa nyuma, na mkunga ananyoosha mkono kumpokea mtoto. Imepita karibu miaka 1900, na jina lake bado linasomeka.

Yaya alinyamaza. Mama yetu pia alikuwa mkunga. Tulimzika njiani wakati wa kukimbia vita, na kaburi lake halina jina. Watoto aliowapokea hatukuwaandika popote. Pengine wengine wenu mlipita mikononi mwake.

Ndiyo sababu tunawaomba: juma hili kila mtoto achukue daftari, amuulize nyanya yake jina lake kamili, mahali alipozaliwa na kazi aliyofanya, kisha aandike. Mlete daftari hizo siku ya mkutano. Tutazisoma pamoja.