Barua ya wazi kwa Afisa wa Kazi: Mmekwisha kunihesabu, sasa nipeni cheti changu

Mheshimiwa Afisa wa Kazi,

Shikamoo. Kwetu Tanga barua kwa mkubwa haianzi bila salamu hata kama mwandishi amevimba kwa hasira, na mimi sitaki kuwa wa kwanza kuvunja utaratibu huo. Jina lako sitalitaja, wala la ofisi yako hapo Nairobi, wala la kampuni iliyoniajiri. La kwako naliacha kwa heshima. La kampuni naliacha kwa sababu nilisaini mkataba wa kutunza siri ambao, kwa nilivyouelewa, utanifuata mpaka kaburini, ingawa kampuni yenyewe ilikwisha kuniacha njiani.

Jalada langu unalo. Nililileta mwenyewe na karani wako akaligonga muhuri wa kupokelewa, kwa hiyo sirudii yaliyomo. Nakukumbusha tu nilichoomba. Niliomba cheti cha utumishi. Sikuomba fidia ya mamilioni wala kurudishwa kazini, na hata mshahara wa mwezi wa mwisho, ambao sikulipwa, niliuandika chini kabisa. Niliomba karatasi moja yenye jina la mwajiri, jina langu, aina ya kazi niliyofanya, mahali nilipoifanyia, tarehe niliyoanza na tarehe niliyomaliza. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri amkabidhi mfanyakazi karatasi hiyo ajira inapokwisha, ilimradi amefanya kazi wiki nne mfululizo. Mimi nilifanya miaka. Mwajiri asiyeitoa, kwa makusudi au kwa uzembe, anatenda kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Unakijua kifungu hicho kuliko mimi. Mimi nilikisoma kwenye simu nikiwa kwenye benchi la korido yenu, na muda wa kusoma nilikuwa nao wa kutosha.

Jibu nililopewa ni kwamba nilete kwanza uthibitisho kuwa niliajiriwa.

Mheshimiwa, uthibitisho kuwa niliajiriwa ndio huo huo ninaoudai. Mkataba niliusaini kwenye kioo cha kompyuta, na nakala yake ilibaki kwenye barua pepe ya kazini. Slipu za mshahara zilikuwa ndani ya mfumo wa kampuni. Jioni tuliyotangaziwa kwamba mradi umefungwa, mfumo nao ulifungwa, na nywila yangu haikukubali tena. Karani wako alinisikiliza kwa upole, kisha akaniuliza, "Sasa dada, sisi tutajuaje kwamba ulikuwa unafanya kazi huko?" Nilidhani kujua ndiyo kazi ya ofisi ya kazi. Mnao uwezo wa kumwita mwajiri na kumwambia afungue rejista yake. Hata sheria yenyewe, kifungu cha 10(7), inasema shauri likifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira ni wake. Kwenye korido yenu mzigo huo nilibebeshwa mimi.

Kisha nikapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Hapo sijui nicheke au nilie. Kibali changu cha kazi kilifungwa kwa mwajiri yule yule. Ajira ikikoma, nacho kinakoma. Tarehe mliyonipa ilikuwa ya baada ya siku niliyotakiwa niwe nimekwisha kuvuka Namanga. Nilipomwonyesha karani pasipoti yangu alisema naweza kutuma mwakilishi. Wakili, bila shaka. Wa kumlipa kwa mshahara upi, hakuniambia.

Kwa wasomaji wasioijua kazi yetu, nieleze kidogo, kwa kadiri siri ile inavyoniruhusu. Kampuni ya Marekani ina mashine inayotaka kuijua lugha. Haiajiri yenyewe. Inatoa zabuni kwa kampuni ya kati iliyoko Nairobi, na kampuni ya kati inatafuta watu. Tulisikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno, tukasoma sentensi na kuziwekea alama, ipi ni tusi, ipi ni utani, ipi ni tishio. Nilichukuliwa kwa sababu ni mtu wa Tanga. Walitaka sikio la Pwani, kwa maana mtu wa bara akisikia watu wa Mwambao wakitaniana huenda akadhani panataka kutokea mauaji. Jirani yangu wa kulia alitoka Bujumbura, wa kushoto Kampala, na nyuma yetu walikaa wa Kisomali na wa Kiamhari. Mteja hatukutajiwa jina. Mradi tuliujua kwa jina la bandia.

Sikatai kwamba kazi ile ilinisaidia. Mshahara ule, ambao Marekani pengine hautoshi kodi ya chumba, kwetu ulikuwa mara mbili ya nilichokuwa nikipata Tanga kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Dola ilitoka California, ikapita Nairobi, ikaacha kodi ya nyumba mtaa wa Umoja na pesa ya sukuma kwa mama mboga wa pale chini, na kilichobaki kikavuka mpaka kwa simu kwenda kulipa ada ya mdogo wangu. Anayesema kampuni hizi hazileti ajira kwa majirani hajakaa kwenye chumba kile na kusikia lahaja zile. Zinaleta. Ndiyo maana ninataka karatasi inayosema zilileta.

Maana sasa hivi sina. Nimerudi nyumbani na miaka yangu bora ya kufanya kazi haipo popote. Niliitwa kwenye usaili Dar es Salaam, kituo cha kuhudumia wateja kwa simu. Miaka hii ulikuwa wapi? Nairobi. Ukifanya nini? Kazi ya lugha na kompyuta, undani siruhusiwi kusema. Barua ya mwajiri? Sina. Cheti cha utumishi? Sina. Yule bwana aliyenisaili alifunga faili polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mbele yake alikuwa na msichana aliyepotelea nchi ya watu kwa miaka kadhaa na kurudi na hadithi, na sote tunajua watu hudhani nini juu ya msichana wa namna hiyo. Nikaomba kwingine, safari hii kampuni inayofanya kazi ile ile ya kuziwekea alama data. Walitaka mtu mwenye uzoefu. Uzoefu ninao kuliko waliotangaza nafasi, lakini walitaka uwe kwenye karatasi, na karatasi sina. Chama cha akiba na mikopo nacho kiliuliza historia ya kipato. Sina. Amana ya nyumba ya Umoja ilipotea, na mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima, hayo nayameza. La cheti halimezeki, kwa sababu kila mlango ninaobisha wanaliuliza.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba nyinyi mlinihesabu. Ninajua, kwa sababu siku moja alikuja mgeni rasmi wa serikali. Tulivalishwa fulana za kampuni, tukapangwa warefu nyuma wafupi mbele, tukapigwa picha. Hotuba ilisema ajira za kidijitali kwa vijana, ikataja idadi ya walioajiriwa, na ndani ya idadi ile mimi nilikuwemo. Makofi yalipigwa, na nakiri nami nilipiga. Hesabu ile ilipanda jukwaani, ikaingia magazetini. Kampuni ilipofunga mradi, hakuna aliyerudi jukwaani kututoa. Katika hesabu za serikali, Mheshimiwa, huenda mpaka leo mimi nina kazi. Picha ile nimeitunza, na nasimama mstari wa mbele, wa pili kutoka kushoto. Nikiileta itatosha kuwa uthibitisho?

Usidhani haya ni ya kampuni moja iliyo kichochoroni. Mimi sikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook pale Nairobi chini ya kampuni ya Sama, ila kesi yao iko hadharani na umeisoma. Mwaka 2023 zaidi ya 180 kati yao waliishtaki Meta, mwenye Facebook, pamoja na kampuni za kati za Sama na Majorel kuhusu kuachishwa kazi, na kati yao walikuwemo watu kutoka nje ya Kenya. Meta ilisema haiwezi kushtakiwa Kenya kwa kuwa yenyewe si kampuni ya Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa hoja hiyo. Mahakama ilikuwa inawafungulia wafanyakazi mlango, na mwaka huo huo Seneti ikapelekewa muswada wa kurekebisha sheria za biashara, wenye kipengele kinachoiondolea kampuni mteja dhamana na kuiachia kampuni ya kati peke yake. Kazi za kuchuja maudhui ya Meta nazo zikaja kuripotiwa Accra. Machi 2024 jukwaa la kazi za mtandaoni la Remotasks, la kampuni ya Scale AI, liliwafungia Wakenya, na watu wakaamka hawana kazi na hawana hata bosi wa kumuuliza.

Kwetu Tanzania nako sisifu. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ilipoweka ukomo wa asilimia 15 kwenye kamisheni za teksi za mtandaoni mwaka 2022, Uber ilizima huduma mwezi Aprili, na ilirejea Januari 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Serikali moja moja ikishindana na kampuni ya namna hiyo, hayo ndiyo matokeo. Zinajua zikibanwa Dar zitahesabiwa kwa makofi Nairobi, zikibanwa Nairobi zitapokewa kwa zulia Kampala au Kigali. Majirani tunanyang'anyana mgeni, na mgeni anachagua nyumba isiyouliza maswali.

Nasi tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ibara yake ya 10 inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka na inakataza kubaguliwa kwa uraia katika ajira, malipo na masharti ya kazi. Nimeisoma yote, kwa kuwa siku hizi nina muda. Ni maandishi mazuri. Yangekuwa mazuri zaidi kama karani wako angekuwa ameyasikia, maana kauli yake ya mwisho kwangu ilikuwa kwamba "mambo ya Watanzania" niyapeleke ubalozini. Ubalozini wakaniambia masuala ya kazi ni ya ofisi ya kazi ya nchi niliyofanyia kazi. Yaani wewe.

Mheshimiwa, sitaki kampuni hizi zifukuzwe. Nazitaka zije nyingi zaidi, na zikija ziwakute nyinyi mko kazini. Kabla ya mgeni rasmi kukata utepe, ofisi yako iwe na rejista ya kila mfanyakazi atakayehesabiwa katika hotuba, Mkenya na asiye Mkenya, ili mradi ukifungwa usiku mmoja msimuulize mtu kama aliwahi kuajiriwa. Mkataba wa kutunza siri usimzuie mtu kutaja kazi aliyoifanya. Aina ya kazi ni jambo ambalo sheria inataka liandikwe kwenye cheti, na siri ya mteja haiko juu ya sheria ya Bunge. Slipu ya mshahara ifike mikononi mwa mfanyakazi, isikae kwenye mfumo ambao mwajiri anaweza kuuzima. Na mtu ambaye kibali chake kinakufa na ajira yake asikilizwe kabla hakijafa. Katika haya sioni linalohitaji mfadhili, semina wala hoteli ya Naivasha.

Kwa wenzangu mnaofunga mizigo Tanga, Moshi, Gisenyi au Mbale kwenda kuzifundisha mashine lugha zetu: siku ile ile mnayosaini mkataba, upigeni picha kwa simu yenu binafsi. Kila mwisho wa mwezi fanyeni hivyo hivyo kwa slipu. Msingoje kuambiwa mradi umefungwa.

Nawe, Mheshimiwa, jalada langu lina jina la mwajiri, mahali ofisi ilipokuwa na majina ya wasimamizi wangu wa zamu. Mwandikie barua. Mpe siku za kujibu, na akikaa kimya, kosa la kifungu cha 51 lipo, mpeleke mahakamani. Cheti kikipatikana kitumwe kwa anwani ya Tanga iliyo juu ya jalada. Gharama ya posta nitalipa mimi.

Wako mtiifu,
Mliyemhesabu,
Tanga