KABLA HUJALETA GARI LIPAKWE MAFUTA, LIPELEKE KWA FUNDI



Neno la leo huenda lisikupendeze, lakini lipokee kwa upendo.

Kuna ndugu wa kanisa letu aliyenunua Mercedes katika yadi moja ya Nairobi. Nyeusi, viti vya ngozi, imetumika Japan. Jumapili ile tuliizunguka tukiimba, nami nikapaka boneti mafuta na kutangaza, "Mwisho wa aibu!" Sikumuuliza swali hata moja.

Alikuwa ametoa nusu ya bei kwa mkopo wa Sacco. Nusu nyingine alipe kwa miezi 12. Mwezi wa nne springi za hewa zikafa, gari likalala chini. Pesa za yadi zikaenda kwa fundi. Mwezi wa saba madalali wakalichukua, watoto wake wakitazama. Gari lilienda, deni la Sacco likabaki. Naye hajarudi kanisani tangu wiki hiyo.

Ile Mercedes nimeisahau. Kile kiti kitupu kimenikataa kulala.

Mpendwa, kumiliki gari zuri si dhambi. Ibrahimu alikuwa na mali na Mungu alimwita rafiki. Lakini katika Luka 14:28 Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba lazima kwanza aketi ahesabu gharama. Kuhesabu si kukosa imani. Ni kumtii Yesu.

Basi tuhesabu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ndiyo maana magari mengi ya kifahari yanayometameta yadini tayari yamekula miaka sita, saba. Bei imeshuka, nawe unasema, "Hata mimi naweza!" Lakini gari ndilo lililozeeka, vipuri vyake bado vinauzwa kwa bei ya ujana wake. Giaboksi haijui kwamba wewe ulinunua kwa bei ya chini. Hapo sijataja bima wala mafuta.

Utaniambia, "Pasta, niliomba nikahisi amani." Amina. Lakini amani haifungui boneti. Mwite fundi wako mwenyewe, si yule wa yadi, aliunganishe na kompyuta yake. Linganisha kilomita za kwenye dashibodi na zile zilizoandikwa katika karatasi za Japan, kwa maana mita hurudishwa nyuma. Kama gari lilishasajiliwa hapa, tazama rekodi za NTSA kupitia eCitizen ujue ni la nani, na kama kuna benki inayolidai. Soma mkataba wote: ukichelewa mwezi mmoja, nini kitatokea? Muuzaji akikuharakisha eti kuna mteja mwingine njiani, mwache huyo mteja alichukue.

Na kama bila mkopo huwezi, kumbuka Mithali 22:7. Deni humweka mtu chini ya mkono wa aliyemkopesha.

Sasa niseme na wachungaji wenzangu, nikianza na mimi. Hawa watu hawakujifunza haraka hii yadini pekee. Waliijifunza kwetu. Mwenye gari kubwa tunamtafutia kiti cha mbele. Aliyeshuka matatu anajitafutia. Yakobo sura ya 2 ilishatukemea. Tumefanya ufunguo wa gari kuwa ushuhuda, na aliyemaliza deni lake hatujawahi kumpa maikrofoni. Nimetubu. Kuanzia sasa, ukileta gari niliombee, nitakuuliza kwanza: fundi alisema nini, na unadaiwa ngapi?

Na wewe uliyenyang'anywa gari ukajificha, rudi nyumbani. Njoo kwa boda, njoo kwa miguu. Hatukukupenda kwa sababu ya gari, na kama tulionekana hivyo, tusamehe.

Baba, tupe hekima ya kuketi na kuhesabu. Vunja kiburi, funika aibu, rudisha waliojificha. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, sema AMINA, kisha mtumie mmoja anayepanga kwenda yadini wiki hii.