Nati zilizolegea zinakula faida ya alizeti Kilimatinde

Kila mwaka alizeti inapovunwa katika vijiji vya Wilaya ya Manyoni, mashine za kukamua mafuta hunguruma tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Hiki ndicho kipindi ambacho mmiliki wa mashine anatakiwa kuingiza fedha za kumvusha mwaka mzima. Bahati mbaya ndicho pia kipindi ambacho mashine hukwama, na zipo zinazokwama si kwa sababu injini imekufa au mota imeungua, bali kwa sababu bolti nne za kitakoni ziliachwa zikalegea mpaka zikaleta balaa.

Kwa mji mdogo kama Kilimatinde, ulioko ukingoni mwa Bonde la Ufa, hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Beringi ikipasuka au shafti ikipinda, safari ni ya Manyoni, Singida au Dodoma, kwenye maduka ya vipuri na karakana za kuchonga vyuma. Chukua mfano wa mashine inayokamua magunia 20 kwa siku kwa ada ya shilingi 6,000 kwa gunia. Ikisimama siku tano, mmiliki amepoteza shilingi 600,000 kabla hajalipa nauli, kipuri wala fundi. Wapo wasiotoza fedha, hubaki na mashudu na kuyauza kwa wafugaji. Hao nao hawapati kitu mashine ikiwa kimya.

Anayeumia zaidi ni mkulima. Mwenye magunia matano na ada ya shule inayomsubiri hawezi kukaa wiki nzima akingoja beringi itoke Dodoma. Atauza mbegu kwa mchuuzi aliyeegesha lori barabarani, kwa bei ya mchuuzi, na faida ya mafuta na mashudu itakwenda kwingine. Mwaka 2023, bei ya mbegu za alizeti iliposhuka sana nchini, mwenye uwezo wa kukamua na kuhifadhi mafuta alikuwa na pa kushika. Asiye na mashine karibu hakuwa na la kuchagua.

Kwa nini bolti hulegea? Bolti iliyokazwa sawasawa huvutika kidogo kama springi, na mvuto huo ndio unaokibana kitako cha mashine kwenye msingi. Mbano ukipungua, kitako huanza kuteleza upande huu na huu kwa kila mtikisiko, kwa kiasi kidogo ambacho jicho halioni, na nati hujifungua yenyewe taratibu. Mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alilithibitisha hilo kwa majaribio mwaka 1969. Kwamba mtikisiko wa upandeupande ndio adui mkubwa wa nati, kuliko ule wa juu na chini, ni jambo ambalo mwendesha mashine ya kukamua au kusaga anapaswa kulijua, maana mkanda unaovuta puli hufanya kazi hiyo hiyo ya kuvuta mashine upande mmoja kutwa nzima.

Ile washa ya springi ambayo mafundi wengi huiamini haisaidii sana dhidi ya mtikisiko wa namna hiyo. Nati yenye pete ya nailoni ndani ni afadhali, kwa kuwa hata mbano ukipungua haitoki yote kirahisi, ila nailoni ikishachakaa nati ibadilishwe. Nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine nazo zinafaa, mradi zibanane kwelikweli.

Kuna sababu nyingine inayohusu hali ya hewa ya Singida. Mashine iliyofungwa juu ya mbao wakati wa masika imefungwa juu ya mbao yenye unyevu. Kiangazi kikishika, mbao hukauka na kusinyaa, na bolti iliyokuwa imekaza hubaki ikicheza bila mtu yeyote kuigusa. Mwenye mbao aweke kipande cha bati nene au washa pana chini ya nati, na akaze upya kila wiki. Msingi wa zege ni bora zaidi, lakini nao usiharakishwe. Zege hufikia nguvu yake ya kawaida baada ya siku 28, na kuwasha injini siku mbili tu baada ya kumwaga ni kuzing'oa bolti kabla hazijashika.

Kazi yenyewe haihitaji elimu kubwa. Zima mashine, toa mkanda au kata umeme kwenye swichi kuu, safisha mafuta na vumbi, kisha kaza kwa mkingamo, kona moja halafu ile inayoikabili, kidogo kidogo mpaka zote zilingane. Bolti ya milimita 12 huchukua spana namba 19 au 18, ile ya milimita 16 namba 24. Kuchomeka bomba refu kwenye spana ili kuongeza nguvu ni kosa, kwani bolti huvutika kupita kiasi na kukatika siku nyingine. Bolti ambayo uzi wake umelika itupwe. Inayonunuliwa iwe na namba 8.8 kichwani, kwa kuwa nguvu yake ni kama mara mbili ya ile ya 4.6, na tofauti ya bei haifikii hasara ya siku moja.

Ukishakaza, pitisha kamba kwenye nyuso za puli mbili kuona kama zimenyooka. Kisha chora mstari wa rangi, hata ile ya kucha, kuanzia kwenye nati mpaka kwenye kitako. Asubuhi mwendesha mashine akikuta mstari umekatika, anajua nati imezunguka. Mashine mpya ikazwe upya baada ya siku ya kwanza ya kazi.

Suala hili si la mifuko tu. Mkanda unaochomoka kwenye mashine inayoyumba unaweza kumjeruhi aliye jirani, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi dhidi ya mitambo hatari.

Halmashauri nazo zina sehemu yake. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inaweza kununulia kikundi mashine ya kukamua. Ni ajabu kukabidhi kikundi mashine ya mamilioni bila seti ya spana na bila mtu hata mmoja aliyefundishwa kuitunza, halafu kukidai marejesho. Gharama ya spana, bolti za akiba na mafunzo ya siku mbili iingizwe kwenye andiko la mkopo tangu mwanzo. SIDO na VETA wana walimu wa kazi hiyo, na wakati mzuri wa kuwapeleka vijijini ni Aprili, kabla gunia la kwanza halijafika mashineni.