Theluji ya Pamba

Kila Desemba, kaskazi ikivuma na jasho likitiririka, nyumba si chache za Dar es Salaam husimamisha mti wa plastiki na kuutandazia pamba, ati theluji! Wajerumani, wenye desturi hii, walipamba mti uliomea kwao. Sisi twaagiza sanamu yake kutoka ng'ambo, nayo haiozi. Ikichakaa huchomwa uani, watoto wakavuta moshi wenye sumu.

Watetezi wake husema kwamba mti wa plastiki huokoa miti ya msituni. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tungelazimika kukata mti wowote. Nani ametulazimisha? Mkrismasi umesimama njiani, umewaka maua mekundu mwezi huo huo. Kweli, asili yake ni Bukini, lakini umekwisha kuwa mwenyeji hata ukapewa jina la sikukuu. Tawi moja katika mtungi latosha. Zawadi na ifungwe kwa khanga, ambayo mpokeaji ataivaa Januari. Karatasi ya kumetameta itavaliwa na nani?

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Tuliitoa mifuko sokoni, tukaukaribisha mti wa plastiki sebuleni.