Picha mbili za ukutani kwa bibi

Nimerudi chuoni jana usiku, vumbi la Mhunze bado limo kwenye begi. Likizo yote tulikuwa tunapaka rangi nyumba ya bibi, na ugomvi ukaanzia hapo. Binamu yangu alitaka picha mbili za sebuleni zitupwe, eti zimepauka.

Moja ni Mwalimu akimimina udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar kwenye chungu kimoja, Aprili 1964. Nyingine ni Mashahidi 22 wa Uganda, wale ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964. Mwaka uleule! Miaka yote nimekula ugali chini ya picha hizo na sikuwahi kugundua.

Mimi nilisema zibaki. Si kwamba zinasema yote, la hasha. Hati za Muungano walisaini wawili, Nyerere na Karume, kule Zanzibar Aprili 22. Pichani anamimina mmoja. Ukikua na picha hiyo tu, utaona Muungano ni kazi ya mtu mmoja, halafu ufike chuo ushangae Wazanzibari wa darasani kwenu wanauliza nini.

Ya mashahidi ndiyo iliyoniumiza. (Wengi hatujui hata kwamba mapadre walipoondoka Buganda mwaka 1882 walikuja huku kwetu Usukumani, wakaweka kituo Bukumbi, wakarudi 1885.) Sasa shemeji yetu mpya ni Mwanglikana. Alisimama mbele ya ile picha, kopo la rangi mkononi, akauliza taratibu: "Wa kwetu wako wapi?"

Kimya. Maana ni kweli, Kabaka Mwanga aliwaua na Waanglikana pia, na wengine waliteketezwa Namugongo siku ileile, Juni 3, 1886. Waliokufa pamoja, mchoraji kawatenganisha. Bibi, anayesali mbele ya picha hiyo tangu sijazaliwa, akasema, "Mkwe wangu, sikujua kuna wengine." Binamu hakutaja tena habari ya kutupa.

Ukuta sasa ni wa bluu, picha zimerudi, na katikati bibi ameagiza upigwe msumari mmoja wa ziada, hauna kitu. Anataka picha ya wale wa shemeji. Nimezunguka maduka ya Shinyanga mjini bila mafanikio. Mwenye kujua inakouzwa aniambie, hela nitatuma mimi.