Mbona Ukope Ndio Uonekane Huna Vitu?

Wasee, kuna keja moja ambayo siku hizi iko kila mahali. Ukuta ni rangi ya chai yenye maziwa mengi. Kitanda kiko chini, karibu kiguse sakafu. Meza ni fupi, ya mbao. Chupa moja ya udongo, tawi moja kavu ndani yake. Taa ya karatasi. Ukiuliza, unaambiwa huo ni mtindo wa Kijapani, ama Japandi, yaani Japani ikichanganywa na nchi za Skandinavia.

Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili, na tangu hapo kazi yangu ni kurekodi video za keja za vijana kati ya Migori na Homa Bay. Hiyo keja nimeipata Oruba, nimeipata Makongeni, nimeipata Rongo. Ni safi, inatuliza macho, na kwa kamera inatoka fiti sana.

Lakini kamera ikizimwa ndio hesabu huanza. Kiti cha zamani kiliuzwa kwa bei ya kutupa. Rangi ilinunuliwa kwa mkopo wa simu. Zile mbao za plastiki za ukutani ni mkopo mwingine wa kulipa ule wa kwanza. Na landilodi amesema ukihama utaacha ukuta kama ulivyoukuta. Kwa hivyo mtu ana deni, na deni lenyewe ni la kuonekana hana vitu. Hapo ndipo nakataa. Mtindo wenyewe ni mzuri, na sisi watu wa tenibaiteni unatufaa kuliko mtu yeyote. Ila ukiununua kama seti dukani, umelipia picha tu.

Tuanze na Japani yenyewe. Mwaka wa 1212 jamaa mmoja anaitwa Kamo no Chōmei aliandika kitabu kifupi, Hōjōki. Alikuwa ametoka mji wa Kyoto, na huko alikuwa ameona mambo: moto mkubwa wa 1177, njaa, kisha tetemeko la 1185. Akaenda kuishi mlimani kwenye kibanda cha karibu mita 3 kila upande. Piga hesabu. Hiyo ni futi 10 kwa futi 10. Ni tenibaiteni! Na kibanda chenyewe kilijengwa hivi kwamba kinaweza kufunguliwa na kubebwa na mikokoteni miwili.

Sasa uliza mtu wa Nyatike, kule chini ambako mto Kuja hufurika, kama anaelewa huyo mzee. Ama watu wa kando ya ziwa waliohama maji yalipopanda mwaka wa 2020. Wao wanajua kitu unachoweza kubeba na kitu utakachoacha. Kwa Chōmei, vitu vichache ilikuwa njia ya kuishi mahali ambapo nyumba inaweza kwenda wakati wowote. Hakuwa anapamba.

Baada yake, katika karne ya 16, akaja Sen no Rikyū, fundi wa sherehe ya chai. Yeye alitumikia mtawala aliyeitwa Toyotomi Hideyoshi. Hideyoshi alikuwa na chumba cha chai kilichopakwa dhahabu. Rikyū naye akaenda kinyume kabisa: chumba cha mikeka miwili tu, kuta za udongo, mlango mdogo ambao lazima uinamie ndio uingie. Watu wa chai wa enzi hizo walithamini hata mabakuli ya kawaida kutoka Korea, yale ambayo mtu wa kijijini angelia chakula. Mwaka wa 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyū ajiue, na akajiua. Sasa uko hapa Migori unalipa pesa nyingi juu ya bakuli lililotengenezwa kiwandani lifanane na bakuli la mkulima. Rikyū angekuangalia tu.

Kitu kingine ambacho hizo picha hazionyeshi ni kabati. Nyumba ya kitamaduni ya Kijapani ina kabati kubwa ndani ya ukuta, na asubuhi godoro linakunjwa linaingia humo pamoja na blanketi. Chumba kinaonekana wazi kwa sababu vitu vimefichwa, si eti havipo. Bedsita zetu nyingi hazina kabati hata moja. Pia mtu wa Tokyo akiishiwa na kitu saa nane usiku, kuna duka karibu na mlango. Wewe maji yakikatika siku tatu, unahitaji mitungi. Meko ikiisha usiku, unahitaji jiko na gunia la makaa. Kwa hivyo mtu akikuambia utupe mitungi kwa sababu inaharibu mandhari, muulize kama yeye ndiye atakuletea maji. Hata Marie Kondo, aliyefundisha dunia nzima kupanga nyumba, alisema mwaka wa 2023 kwamba baada ya kupata mtoto wa tatu amelegeza mambo. Na yeye ndiye mwalimu!

Kuna tabia nyingine naiona na inaniuma. Mtu anatengeneza keja yake, halafu anarudi nyumbani kwao Homa Bay anaanza kumcheka mathe. Eti viti ni vingi. Eti vitambaa vya nini. Eti kabati la vyombo limejaa kama duka. Bro, tulia. Hiyo nyumba haikutengenezwa kwa mtu mmoja na laptopu yake. Ni nyumba ya chama kuja Jumapili. Ni nyumba ambayo kukiwa na matanga, watu hamsini wanafika na lazima wote wapate kikombe. Na vile vitambaa mathe alivisuka kwa mkono wake, jioni baada ya jioni. Unamcheka, halafu unaenda kununua kitu cha mashine kilichoandikwa kimetengenezwa kwa mkono. Hata kile chumba cha Rikyū kilikuwa cha kupokea mgeni. Mathe na Rikyū wanafanya kazi moja, idadi ya wageni ndiyo tofauti.

Tuje kwa vifaa. Tatami, ile mikeka ya Kijapani, uso wake unasukwa kwa igusa, aina ya nyasi inayolimwa kwenye mashamba yenye maji. Mkeka mmoja ni kama mita 0.9 kwa mita 1.8, na Wajapani hupima chumba kwa idadi ya mikeka. Chumba cha chai cha kawaida ni mikeka minne na nusu, yaani kidogo kuliko keja yako. Sasa toka hapo Homa Bay mjini utembee kando ya ziwa. Hayo mafunjo yote yanamea wapi? Kwa maji. Mikeka yake, ile tunaita par kwa Kiluo, iko sokoni kwa bei ya chini kabisa, na wengi wetu tunaijua kama kitu cha kuanikia omena au cha kufunika dari ya nyanya. Ni ndugu ya tatami, wasee. Tofauti ni nani alimpiga picha.

Vyungu navyo? Wamama bado wanafinyanga, na chungu cha maji kinapoza maji bila stima. Kigoda cha miguu mitatu ni kifupi kuliko hiyo meza ya Japandi. Mawe? Hapa hapa kaunti ya Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16, zama za Rikyū kabisa. Mwaka wa 2018 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Halafu mtu wa hapa ananiambia vitu vya asili na utulivu ni mambo ya kigeni.

Sisemi usipambe keja. Pamba! Lakini fanya hivi. Kwanza, usinunue kitu kwa mwezi mmoja. Toa tu: chaja zilizokufa, viatu vya pea moja, mabango ya zamani. Funga kwa katoni, peleka kwa mtu anayehitaji. Pili, tafuta fundi wa jua kali akutengenezee kitanda kifupi chenye droo chini, kwa sababu hilo ndilo kabati lako. Mitungi na jiko viwe nyuma ya pazia la leso. Tatu, nunua mkeka wa mafunjo, na uuanike juani kila wiki, maana ukikaa kwa unyevu utanuka. Nne, kitu kikivunjika, kirekebishe kwanza. Wajapani hushikanisha bakuli lililopasuka kwa gundi ya mti na unga wa dhahabu. Wewe gundi ya kawaida inatosha.

Ukimaliza hapo, pesa uliyotumia iko kwa mama wa mkeka, kwa mfinyanzi na kwa fundi wa mtaani, na hakuna mtu anakupigia simu mwisho wa mwezi akuulize utalipa lini. Usiku unalala chini, chumba kimetulia, simu imetulia. Keja ya aina hiyo ukiwa nayo, niite nije nirekodi bure.